Mshono Uliolala Kushoto

Jina la Subana hakupewa na wazazi wake. Alilipata akiwa darasa la pili, alipoanza kutembea mtaani na kikofia cha chuma kwenye kidole cha kati, kile ambacho mafundi wa nguo huvaa wasichomwe na sindano na wenyewe hukiita subana. Alikula nacho, akalala nacho, akaenda nacho shuleni mpaka mwalimu akachoka kumkataza. Kilikuwa cha mama yake. Asubuhi ile mama alipokwenda hospitali kukatwa titi, alikivua, akamvisha binti yake na kumwambia, "Nitunzie. Nikirudi nitakitaka." Mtoto akaelewa kwamba subana ikipotea, mama hatarudi. Kwa hiyo hakuivua.

Mama alirudi. Hapo ndipo hadithi nyingi za ugonjwa huishia, watu wakafuta machozi na kushukuru. Hadithi ya Subana inaanzia hapo, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye kurudi kwa mama hakukumfaa.

Mtu huyo alikuwa shangazi yake, dada wa baba. Shangazi na mama walikuwa na karakana moja ya ushonaji, chumba cha mbele kinachotazama barabara, na cherehani mbili zilizopeana migongo. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, na chini ya meza hiyo Subana alilelewa, akiokota pini kwa sumaku. Shangazi alikuwa na mkono wa kukata na mdomo wa kuwashika wateja. Mama alikuwa na mkono wa sindano. Nguo za mabibi harusi ndizo zilizowapa jina mjini, na wateja walipozisifu, waliinua pindo na kutazama mishono midogo ya mama, iliyolingana kama meno ya mtoto.

Daktari aliondoa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Zikafuata dawa kali za kutundikiwa, zilizompukutisha mama nywele na nyusi. Nywele ziliota tena, lakini mkono wa kulia ulivimba na haukurudi ulivyokuwa. Nesi alimwonya kwamba mkono huo usichomwe na sindano, usiungue, usibebe mzigo. Mama akamuuliza kwa upole kama anaijua kazi yoyote isiyo na sindano wala pasi, maana yeye hakujifunza nyingine.

Basi mama akajifunza upya. Aliketi kitandani na foronya kuukuu, sindano mkono wa kushoto, akashona na kufumua, akashona na kufumua. Mishono ya kwanza ilikwenda kombo kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Subana alikaa pembeni na kumtungia uzi. Taratibu mishono ikanyooka, ikawa midogo, ikalingana kama zamani. Tofauti ilikuwa moja tu. Mshono wa mkono hulala upande, na wa mafundi karibu wote hulalia kulia. Wa mama sasa ulilalia kushoto. Siku alipomaliza foronya nzima bila kufumua, alinyoosha mkono na kudai subana yake. Mtoto akaivua kwa mara ya kwanza. Kidole kilikuwa kimebaki na mviringo mweupe.

Kesho yake walikwenda karakana. Mama alivaa kilemba, na upande wa kulia wa kifua chake aliweka kimfuko alichokishona mwenyewe na kukijaza mtama, uzito sawasawa na wa upande wa pili. Ndani walimkuta Shangazi na mteja, mama wa bibi harusi mtarajiwa. Subana alijitosa chini ya meza yake na kuanza kuokota pini. Ndiyo maana alisikia. Mteja aliuliza kwa sauti ya chini kama fundi wa mkono bado ndiye yule yule. Shangazi naye akajibu kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutomfikia mwenyewe aliyesimama mlangoni.

"Usiwe na wasiwasi, dada. Mwanao hawezi kushonewa na mtu aliyechungulia kaburi. Mkono huo una nuksi. Nguo ya harusi haitaugusa."

Kisha akamgeukia mama kwa tabasamu na kumwambia, wifi yangu, pumzika kwanza huko nyuma, kuna mapazia.

Mama alikwenda nyuma. Aliketi katika chumba kidogo cha kuwekea marobota ya vitambaa, akashona mapazia, kisha sare za shule, kisha mapazia tena. Baba, ambaye alikuwa dereva wa malori na kaka mdogo wa Shangazi, alipoelezwa mambo hayo alikohoa, akauliza kama chai imebaki. Hakuna aliyemsemea mama, na mama mwenyewe hakujisemea.

Subana aliamua kumsemea. Hakuwa na maneno bado, kwa hiyo alianza na mkasi. Shangazi alikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa, mzito, mpini mweusi, ambao mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuufuta vumbi. Kila fundi anajua kwamba mkasi wa kitambaa ukikata karatasi unakufa makali. Siku moja Shangazi alipotoka, mtoto aliuchukua na kukatakata maboksi, yote yaliyokuwa nyuma ya mlango, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kwa muda mrefu baada ya hapo mkasi ulikuwa ukitafuna hariri kama mbuzi, Shangazi akawalaumu wanoaji wote wa mjini. Mama aliyaona malengelenge. Akayapaka mafuta bila kuuliza, na alipomaliza akasema tu, "Mkasi haujakukosea kitu."

Kukua na mama aliyepona ni kujifunza mambo ambayo watoto wengine hawafundishwi. Subana alijua kumkumbatia kutoka kushoto. Alijua kwamba mama akitazama nguo dukani, hutazama kwanza shingo imekatwa wapi. Alijua kimfuko cha mtama kinaanikwa ndani, nyuma ya khanga, na siku kilipotoboka na punje zikamwagika jikoni, walicheka wote wawili mpaka wakakaa sakafuni. Alijua pia ukimya wa juma la kwenda kupimwa, mama anapopika chakula kizuri mno na kufua hata vilivyo safi. Na kifua chake mwenyewe kilipoanza kuota, alilala chali akijipapasa kwa hofu, mpaka mama akamgundua, akamwambia hilo bado ni titi tu, liache likue, ukifika umri nitakufundisha namna ya kulikagua.

Lakini zaidi ya yote alijua kuchukia, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii ya mtu anayesomea cheti. Yeye na mama walipohama karakana na kupanga chumba chao cha kushonea uchochoroni, alichukia kwa ajili ya chumba. Duka la Shangazi lilipowekwa kioo kikubwa na sanamu za kuvalishia nguo, alikuwa akipita upande wa pili wa barabara ili asione, na bado alikuwa akiona. Kwenye misiba na shughuli za ukoo, Shangazi alikuwa na salamu yake: "Karibu, fundi mapazia." Watu walicheka, mama akaitikia, na Subana akaihifadhi salamu hiyo mahali ambapo haikuoza. Alijifunza ushonaji kutoka kwa mama, akawa mkono wake wa kulia kwa maana halisi: alikata, alipiga pasi, alibeba marobota. Na alikuwa amekula kiapo. Siku moja nguo ya harusi kutoka mikononi mwao ingemtia Shangazi adabu. Hakujua ingekuwaje. Alijua tu kwamba yuko tayari.

Siku hiyo ilipokuja, ilibisha hodi yenyewe. Binti wa pekee wa Shangazi, binamu yake Subana, aliingia mchana na mfuko mkubwa, macho yamevimba. Alikuwa anaolewa wiki iliyofuata. Fundi wa dukani kwa mama yake alikuwa amelaza kitambaa vibaya mezani na kukata vipande viwili vya kifua vya upande mmoja, vyote vya kushoto, na kitambaa kile kilikuwa kimekwisha madukani. Shangazi mwenyewe, macho hayakumsaidia tena kwenye kazi ya sindano. Alikuwa amewaka, amemfukuza fundi, kisha akamwambia binti atafute fundi mwingine popote na asimletee habari mpaka nguo iwe imekamilika.

"Anajua umekuja hapa?" Subana aliuliza.

"Akijua, atanitapika."

"Basi rudi akakutapike."

Mama akamwambia Subana anyamaze. Akavitandaza vile vipande viwili mezani, kimoja juu ya kingine, vikalingana kabisa. Halafu akacheka kidogo, puani.

"Mwanangu, mimi nimevalisha mwili wa upande mmoja kwa muda mrefu. Niachie hivi vitambaa."

Akaeleza huku akichora kwa chaki. Kipande cha kwanza kingekaa mahali pake. Cha pili kingegeuzwa mikunjo, kianzie kiunoni kushoto, kipite kifuani, kimiminike juu ya bega la kulia, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba mikunjo ile ilikuwa imeficha kosa. Sharti lake lilikuwa moja. Nguo ifike nyumbani kwa bibi harusi siku yenyewe ya harusi, na sehemu ya mbele ya pindo la chini ibaki haijashonwa, maana pindo la mwisho hushonwa mvaaji akiwa amesimama na viatu vyake. "Mama yako ni fundi," alisema. "Atalimalizia." Binamu akakubali yote, akabusu mikono ya mama, wa kulia na wa kushoto.

Alipotoka, Subana alipiga meza kwa kiganja. Mama wa watu amefukuzwa kama mbwa, na leo anakenua meno mbele ya binti wa aliyemfukuza. Kisha, kidogo kidogo, akaona kile alichokuwa akikingoja tangu zamani za maboksi, kimelala mezani, cheupe, kinameta.

Kazi waligawana kama kawaida. Mama alishona mikunjo na mapindo kwa mkono. Subana alipewa mishono mikubwa ya cherehani, ubavuni na mgongoni, ile inayobeba nguo nzima. Siku ambayo mama alikwenda kupimwa hospitali, alibaki peke yake chumbani. Alitoa kwenye cherehani uzi imara, akaweka uzi wa kupigia bandi, ule dhaifu wa pamba ambao mafundi huutumia kushikiza nguo kwa muda tu na hukatika kwa kuvutwa na vidole viwili. Akakanyaga cherehani. Ulikuwa mshono mzuri sana kwa macho. Alipokuwa akishona aliyaona yote: bibi harusi anasimama ukumbini, anainua mikono kucheza, ubavu unafumuka kutoka kwapani hadi nyongani, na Shangazi, mwenye duka la kioo, anakimbia kumfunika mwanawe kwa kitambaa cha meza. Kingekuwa cha pazia ingekuwa bora zaidi. Alicheka peke yake. Hakuwahi kushona kwa furaha namna ile.

Mama alirudi alasiri. Majibu yalikuwa safi, akayasema kwa ufupi kama mtu anayetaja hali ya hewa, akanawa mikono na kukaa kwenye nguo. Akapitisha kidole kwenye ubavu. Kikasimama. Akashika mshono kwa vidole viwili na kuuvuta, na uzi ukakatika ukitoa mlio mdogo kama wa mtu anayetema mbegu.

Subana alikuwa amejiandaa kwa hotuba ya msamaha. Alikuwa na majibu yake yote mkononi.

"Ulitaka ifumukie wapi?" mama aliuliza. "Nyumbani au ukumbini?"

"Ukumbini."

"Watu wangeuliza imeshonwa na nani?"

"Wangeuliza."

"Na binamu yako angesemaje?"

Subana akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Angesema imeshonwa na mimi," mama aliendelea, bila kupandisha sauti. "Na shangazi yako angesimama katikati ya ukumbi aseme, si niliwaambia? Mkono huo una nuksi. Mji mzima ungemwamini. Alilisema kwa mteja mmoja, wewe ungemtafutia mashahidi wa ukumbi mzima."

Subana alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka yote ile ya kunoa kisasi, halafu kumbe alikuwa anakaribia kumkabidhi adui mpini. Alijitetea kwa kitu pekee kilichobaki. Alimwambia mama kwamba yeye hawezi kusamehe, kama mama ameweza ni shauri lake.

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani amekwambia nimesamehe? Nimekaa chumba cha nyuma nikashona mapazia ya mji huu mpaka nayaota. Mimi nimengoja kuliko wewe, mwanangu. Usiniharibie."

Halafu akamsogezea kisu cha kufumulia. Walifumua pamoja, mama akiukusanya ule uzi wa bandi na kuuzungushia kwenye kadi, na Subana akashona upya kwa uzi imara, mara mbili kila mshono. Hakuuliza mpango ni upi. Alipomwona mama akishona pindo la chini kutoka nyuma kuja mbele, mshono mdogo baada ya mshono mdogo, yote imelala kushoto, aliuona mpango wenyewe. Akashika pasi na kuwa mpole.

Siku ya harusi waliipeleka nguo wenyewe, wakamkabidhi binamu mlangoni Shangazi asione. Mama alivaa gauni la bluu, akakaa na Subana kwenye kiti cha sebuleni, nje ya chumba cha kuvalia, na mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani walikuwa wasimamizi wa bibi harusi, majirani, mama mkwe mtarajiwa, na Shangazi amevaa dhahabu zake zote. Nguo ilipoteremka mwilini mwa binamu, wanawake walisogea kuizunguka. Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mama mkwe akaigusa ile mikunjo ya begani, akasema tangu azaliwe hajaona ubunifu kama huo. Shangazi alivimba kwa fahari, akawaambia kwamba mwanawe ana jicho la kuchagua mafundi.

"Pindo la mbele bado, mama," binamu alisema. "Fundi amesema utalimalizia wewe."

Shangazi hakuweza kukataa mbele ya watu wale. Alivaa miwani, akatungiwa sindano, akapiga magoti na kuliinua pindo. Kutoka mahali alipokaa, Subana aliuona uso wake vizuri. Kwanza ulikuwa uso wa fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha miwani ikashuka. Shangazi alikisogeza kitambaa karibu na macho, akakifuata kwa kidole, mshono mmoja, wa pili, wa tatu. Katika mji mzima kulikuwa na mkono mmoja tu unaolaza mshono upande ule. Akajaribu kushona. Mshono wake ukalala kulia, ukakutana na wa mama kama watu wawili wanaogombania njia. Akaufumua. Akajaribu tena. Sindano ikamchoma, akanyonya kidole ili damu isiguse kitambaa cheupe.

"Kuna nini?" mama mkwe aliuliza. "Gari limefika."

Shangazi aligeuza shingo, na kupitia mlango ulio wazi akamwona wifi yake ameketi, mikono mapajani, subana tayari kidoleni. Wakatazamana.

"Wifi," Shangazi aliita kwa sauti ya chini. "Njoo umalizie."

"Sisikii vizuri, wifi. Nimalizie nini?"

"Nguo."

"Ya nani?"

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti.

"Ya mwanangu. Ya harusi."

"Kwa mkono upi?" mama aliuliza. "Maana mmoja umevimba, na mwingine nilisikia una nuksi."

Baadhi ya wanawake walitazama chini. Binamu hakutazama chini. Alisimama wima katika nguo yake na kumtazama mama yake, akingoja jibu kama wengine wote.

"Huo wa kushoto," Shangazi alisema. "Huo uliomshonea. Naomba, wifi."

Mama akainuka, akaingia, na kwa kuwa mkono wa kulia haukuweza kushika kitambaa kikiwa kimeinuliwa, mtu mwingine alilazimika kukishika. Aliyekuwa karibu ni Shangazi. Alilishika pindo kwa mikono miwili, magoti sakafuni, kichwa kimeinama, na mama akashona taratibu, bila haraka yoyote, huku gari likipiga honi nje. Alipofika mwisho akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akamgusa Shangazi begani.

"Inuka sasa, wifi. Kapeti hili gumu, magoti yataota sugu. Mimi najua, nimepigia pasi mapazia mengi sakafuni."

Subana alikuwa amengoja utamu wa siku hiyo kwa muda mrefu hivi kwamba aliogopa ungepungua. Haukupungua. Aliusikia mpaka kwenye ncha za vidole. Njiani kurudi alitaka kusimulia yote upya tangu mwanzo, magoti, miwani, ile "naomba", lakini mama alikuwa akitembea amejishika mkono wa kulia uliokuwa ukimuuma, akitabasamu peke yake kama msichana. Walipofika uchochoroni alifungua pochi, akatoa kadi iliyozungushiwa uzi dhaifu wa bandi, akamwekea binti yake kiganjani.

"Tena uzi wangu usiupoteze," alisema. "Kesho yale mapazia ya daktari wa meno yanataka kupigwa bandi."